Kabla hujavunja duka kwa ajili ya mraba wa Mirihi, tafuta Jua liko wapi

Mdogo wangu, usimwambie binamu yako neno lolote. Si leo jioni, si Jumapili. Ile simu uliyosema utampigia, usipige.

Nimesoma uzi wako mara mbili nikiwa kazini, na kazi yenyewe ikanishinda. Umeuliza mambo manne kuhusu ramani yako, yaani mchoro wa anga la saa uliyozaliwa: mraba wa Mwezi na Mirihi (zikiachana digrii 90) unasemaje Mirihi ikiwa nyumba ya tatu, yaani fungu la tatu kati ya kumi na mawili ya duara, ni digrii ngapi za kusamehe kabla ya kusema aspekti, ile pembe kati ya sayari mbili, haipo, kama pembetatu (digrii 120) ya Zuhura na Neptuni inapunguza ukali, na programu gani inachora ramani vizuri. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo, ukaongeza kwamba duka la simu mnalofanya na binamu yako hapa Goma unataka ligawanywe kabla mwezi haujaisha, maana nyota zimeonyesha atakugeuka. Hiyo ya mwisho ndiyo imenitoa kwenye kazi.

Hebu itazame picha uliyobandika. Juu imeandikwa 03:00. Jua liko chini ya mstari wa upeo, nyumba ya pili. Na wewe mwenyewe, mistari michache mbele, umeandika kwamba mama alikuzaa saa tatu, watu wakienda soko. Soko gani la Goma linaendewa saa tisa ya usiku? Ulizaliwa saa tatu asubuhi, ambayo kwa saa ya ofisi ni 09:00. Wewe umeingiza saa ya mama kwenye kidude kinachohesabu saa ya Wazungu, ukalisogeza anga lote masaa 6 nyuma. Halafu kwa anga hilo unataka kumhukumu mtoto wa shangazi yako.

Nayasema kwa ukali kwa sababu mimi niliyafanya hayo hayo hadi mwisho.

Mimi na yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, tulikuwa tunauza fromaji, yaani jibini, ya Masisi. Mimi nilikaa Goma: napokea mzigo, napima, nafunga, napeleka bandarini. Yeye alikaa Bukavu, anapokea asubuhi na kuuza soko la Kadutu, akiwa na frigo (friji) yake moja kubwa tuliyonunua pamoja dola 450. Ilikuwa kazi ya kawaida, yenye siku nzuri na siku mbaya. Siku mbaya zilipofuatana, nikaanza kutazama simu usiku, nikampata mnajimu mmoja anayekaa Kinshasa, anafanya kazi kwa WhatsApp. Dola 40 kwa ramani, 25 zaidi kwa "aspekti za hatari".

Aliniomba tarehe, mji na saa. Karatasi zangu za kuzaliwa sina. Zilibaki ndani ya nyumba wakati lava ya 17 Januari 2002 iliposhuka kutoka volkano ya Nyiragongo ikakata mji hadi ziwani. Nikamuuliza mama. Mama akajibu kwa sauti: "Wewe ulizaliwa saa mbili." Nikamrushia mnajimu ile sauti kama ilivyo. Yeye akaandika 02:00.

Sasa sikilizeni alichokiona. Mirihi nyumba ya tatu, nyumba ya ndugu wa tumbo moja na majirani. Mwezi digrii 95 kutoka Mirihi, yaani mraba wenye pengo la digrii 5, na yeye anasamehe hadi 6. Akanitumia sauti ya dakika 12. Mraba, alisema, ni kisu. Mirihi ni damu. Nyumba ya tatu ni ndugu. Mwezi ni mahali mtu anapolala. Ndugu yako anakula jasho lako, na utajua ukiwa umechelewa. Dakika 12! Alinitajia digrii, na ndani ya digrii akanitajia dakika zake, kama fundi anayepima dhahabu. Lakini hakupata sekunde 5 za kuniuliza: mama yako alipokuzaa, nje kulikuwa na giza au mwanga? Hilo swali moja lingeokoa kila kitu. Mtu anayepokea pesa za watu wa Kivu na Katanga, ambako mama anahesabu saa kutoka jua linapochomoza, na hajui kwamba saa mbili ya mama ni saa 8 ya karatasi, huyo asiguse ramani ya mtu. Bado nina hasira naye na sioni sababu ya kuzificha.

Na wanaocheka hapo chini, hebu waniambie kwanza wao walizaliwa saa ngapi, na nani aliyewaambia.

Nilichofanya ni hiki. Katikati ya Desemba, wakati ambao tunauza kuliko miezi mingine yote, nilimpigia yaya nikamwambia nataka fungu langu: dola 1,850, ndani ya siku kumi. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Kuna mgonjwa?" Nikasema hapana. Ili anilipe aliuza frigo kwa dola 200, tena kwa mtu aliyejua kwamba ana haraka. Fromaji 23 zilizokuwa njiani zikafika Bukavu hazina pa kukaa. Wateja wake wa Kadutu wakahamia kwa wengine. Pesa zangu nilizipata zote, na kwa miezi 14 sikusikia sauti ya yaya.

Ukweli ulitoka jikoni. Mama alikuja kututembelea, ameketi kwenye kigoda karibu na mbabula, lile jiko la makaa, ungo wa maharagi mapajani, anatoa mawe moja moja na kuyarusha mlangoni. Anamsimulia mke wangu jinsi alivyonizaa: kwamba uchungu ulimshika alfajiri, kwamba alipokuwa akisukuma aliwasikia watoto wa shule ya jirani wakiimba mstarini kabla ya kuingia darasani, na akawa anaona aibu wasije wakamsikia yeye. Nikamuuliza, "Mama, watoto wanaimba shuleni saa nane ya usiku?" Akasimamisha mkono juu ya ungo, akanitazama. "Usiku gani? Nimekuambia saa mbili."

Nilichukua simu nikaingiza 08:00. Jua, lililokuwa nyumba ya pili chini ya ardhi, likapanda hadi nyumba ya kumi na moja. Mirihi ikatoka nyumba ya tatu ikaenda ya kumi na mbili. Mwezi ulikuwa umesogea digrii 3 na kidogo, ukawa 98 kutoka Mirihi: kwa kipimo cha mnajimu yule yule, ule mraba haupo tena. Na Mwezi wenyewe sasa ndio umekaa nyumba ya tatu, nyumba ya ndugu. Wazee wa elimu hii wanasema Mwezi hapo ni mtu ambaye moyo wake uko kwa ndugu zake. Ya kumi na mbili wanaiita nyumba ya maadui wa siri na ya mtu kujiharibia. Nilikaa na simu mkononi hadi maharagi yakaiva.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kanuni yangu ni moja na nitairudia hadi unichoke: KABLA YA KUSOMA ASPEKTI YOYOTE, TAFUTA JUA LIKO WAPI KWENYE DUARA. Ule mstari wa ulalo unaokata ramani ni upeo wa macho. Aliyezaliwa mchana, Jua lake lazima liwe nusu ya juu, nyumba ya saba hadi ya kumi na mbili. Aliyezaliwa usiku, nusu ya chini. Likichomoza linakuwa mkono wa kushoto, adhuhuri liko utosini, likizama liko kulia. Huku kwetu karibu na ikweta ni rahisi zaidi, maana mwaka mzima jua linatoka na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Mtoto mdogo anaweza kulitazama hilo. Hakuna haja ya dola 40.

Swali litakalokuja: kama ramani yangu ilikuwa ya uongo, mbona ilinifanana? Hapo ndipo nilipokaza akili. Masaa 6 hayazigusi sayari zote sawasawa. Mwezi unakwenda kama digrii 13 kwa siku, kwa hiyo unasogea. Jua kwa masaa hayo linasogea robo ya digrii tu, Mirihi chini ya hapo, na Zohali, Uranusi na Neptuni karibu hazitikisiki. Aspekti kati ya hizo za polepole zinabaki vile vile ukiingiza 02:00, 08:00 au saa yoyote ya siku hiyo. Unazisoma, unasema "ndiyo, huyu ni mimi", na unaamini na yaliyobaki. Wala si zako peke yako. Kila aliyezaliwa 1993 ana Uranusi na Neptuni zimeungana, darasa zima. Kinachokutenga wewe na darasa lako ni nyumba na ascendant, ile digrii iliyokuwa ikichomoza mashariki ulipolia mara ya kwanza, nayo inasogea digrii 1 kila dakika 4 hivi. Masaa 6 ni robo nzima ya duara. Aspekti inakuambia sayari mbili zinasemezana namna gani. Nyumba inakuambia zinasemezana chumba gani. Mnajimu wangu aliyasikia maneno yale, akayapeleka chumba cha yaya.

Na hata ukiisahihisha saa kuna mtego wa pili. Kinshasa iko saa 1 nyuma yetu. Ziko programu ambazo ukiandika Kongo tu zinachukua saa ya Kinshasa kwa nchi nzima. Goma, Bukavu na Lubumbashi zote ni masaa 2 mbele ya saa ya Greenwich. Hilo kosa la saa 1 linasogeza ascendant kama digrii 15, nusu ya alama nzima ya nyota, na Jua halitakuonyesha kwa urahisi kama lilivyokuonyesha lile la masaa 6. Andika jina la mji, halafu angalia mwenyewe kama imeandika +2.

Klaudio Ptolemaio, aliyeandika Tetrabiblos huko Aleksandria karne ya 2, kitabu ambacho wanajimu bado wanakiegemea kwa miraba na pembetatu hizi, alilalamika humo humo kwamba saa za jua na saa za maji za wakati wake zinadanganya, hazifai kumpatia mtu digrii inayochomoza. Alitaka astrolabu, chombo cha kupimia nyota, na mtu anayejua kuitumia. Huyo hakuwa na simu, na bado alianza na saa.

Mraba wako wa Mwezi na Mirihi unaweza ukabaki baada ya kusahihisha. Sijui tarehe yako nzima. Ukibaki, ni joto la moyo, mtu anayewaka haraka na kunena kabla hajala. Nina rafiki anao, ni mama mwenye mgahawa, anafoka tangu asubuhi na wafanyakazi wake hawajamwacha. Mraba unasukuma. Hakuna mahali umeandikwa kwamba unamtaja binamu.

Nilikwenda Bukavu na boti ya usiku. Yaya nilimkuta Kadutu akiuza kwenye meza ya mtu mwingine. Nilimweleza yote, saa ya mama, saa ya karatasi, nyumba ya tatu. Alinisikiliza akikata fromaji ya mteja, akaifunga, akapokea pesa. Kisha akasema, "Ulishindwa kuniuliza mimi?" Sasa tunaongea. Biashara pamoja hatujarudia.

Mpigie mama yako sasa hivi. Usimuulize saa ngapi. Muulize alikuwa anasikia nini na nje kulikuwa na nini. Uingize upya, uandike Goma, uangalie Jua, na uweke hiyo picha mpya hapa niione kabla hujafika dukani kesho.