Kitabu cha vita kuu, kianzie nyuma

Kitabu changu cha kwanza cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia nilikinunua Posta, Dar es Salaam, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba pembeni ya barabara. Kurasa zaidi ya mia saba, Kiingereza kigumu, jalada limeliwa na jua. Nilikianza mara tatu, na mara zote tatu nikakwama Ubelgiji, kwenye matope na majina ya majenerali. Kikaishia kuegemezwa chini ya televisheni.

Kilichonirudisha kwake ni aibu. Jioni moja kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni maongezi yaliangukia vita, na mimi, msomi wa vitabu vinene (nilikuwa nimefika ukurasa wa sitini), nikatangaza kwamba vita ile iliisha tarehe 11 Novemba 1918. Mzee mmoja akatua kikombe. "Iliisha kwa nani, mwanangu? Siku hiyo Mjerumani wa huku bado yuko porini anapigana." Kijiwe kizima kikacheka. Niliporudi nyumbani nilifungua faharasa, ile orodha ya majina mwishoni mwa kitabu, nikamtafuta Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa huku. Mzee alikuwa sahihi. Jenerali yule alisalimu amri Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Tangu siku hiyo kitabu cha vita au cha himaya sikianzi mwanzoni. Nafungua faharasa kwanza, natafuta Tanganyika au Afrika Mashariki ya Kijerumani, natafuta Majimaji, natafuta wapagazi. Nisipowakuta sikitupi kitabu, ila najua mwandishi amesimama dirisha gani. Nikikuta jenerali ana kurasa ishirini na wapagazi hawana hata mstari, napata jibu hilohilo kwa haraka zaidi. Maana vita ya huku ilibebwa vichwani. Barabara hazikuwepo, mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe, kwa hiyo chakula na risasi vilitembea kwa miguu ya watu. Kwa upande wa Waingereza pekee, makadirio ya wapagazi waliokufa yanakaribia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo, tunakokwenda kununua vitunguu na simu, imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, na wanunuzi wengi hawajui.

Kabla hujanunua chochote, shuka Posta uende kwenye Sanamu ya Askari, ile ya shaba iliyopo tangu 1927. Nilipita pale kwa daladala miaka yote nikiitumia kama alama ya kushukia, nikaja kuyasoma maandishi yake nimeshavuka miaka thelathini. Yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, yanamwambia anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu pande zote nne: jina la mpagazi hata mmoja halimo. Halafu yanasema walikufa kwa ajili ya mfalme wao. Mfalme yupi? Mwaka 1914 mji huu ulikuwa chini ya Kaisari wa Berlin, na askari wa huku walipigana upande wake. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuenziwa kwa usawa, ikaomba radhi. Miaka karibu mia moja baadaye, lakini haya. Ukisimama pale dakika kumi, zile kurasa mia saba zinakuwa na mlango wa kuingilia.

Kwenye idadi, usikubali tarakimu moja ukaifunga. Vifo vya Majimaji, 1905 hadi 1907, utavikuta elfu sabini na tano kwenye kitabu kimoja, laki mbili na nusu au laki tatu kwenye kingine. Mwanzoni nilidhani kuna mtu anadanganya. Sasa nauliza nani alihesabu, na kama aliwahesabu waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, kwa sababu njaa ndiyo iliyoua wengi.

Jambo dogo lililoniokoa muda mwingi: andika majina ya zamani nyuma ya jalada kwa penseli. Wilhelmstal ni Lushoto. Neu Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga, Abercorn ni Mbala ya Zambia. Bila hivyo unasoma habari za nyumbani ukidhani ni za Bavaria.

Vitabu vya Mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani baada ya vita, nilivikwepa kwa muda mrefu nikiamini ni mambo ya mipaka ya Poland tu. Tafuta humo ibara ya 246. Katikati ya mabilioni ya fidia, Ujerumani inatakiwa kulikabidhi fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe wa Iringa, ndani ya miezi sita. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954. Nilisoma mstari ule mara mbili, nikampigia simu rafiki yangu wa Iringa saa nne usiku. Akanijibu kwamba hayo wao wanayajua tangu utotoni, nimwache alale.

Kuhusu bei, mitumba ya Posta inavumilia mabishano, na Maktaba Kuu pale Bibi Titi ipo kwa asiye na hela ya kununua. Ila ukinunua barabarani, kagua ramani kabla ya kutoa pesa. Zile za kukunja ndizo za kwanza kuchanwa. Changu kilikuwa na ramani saba za Ufaransa, zote nzima, na pale palipotakiwa kuwa na ya Afrika Mashariki pamebaki ukingo wa karatasi tu.