Usikimbilie Kuunganisha: Ushauri kwa Wanaocheza Gemu za Majeshi ya Mazimwi

Kabla hujanunua askari hata mmoja, shika hesabu ya mara mbili. Chukua Merge Master, ile gemu ya dinosaria na wapiga mishale. Unanunua askari kwa sarafu, unamburuta mmoja juu ya mwenzake wa levo ileile, wanageuka mmoja wa levo ya juu. Inaonekana rahisi mpaka ushike kalamu. Askari wa levo ya 5 ameshakula wadogo 16 wa levo ya kwanza. Wa levo ya 8 amekula 128, na wa levo ya 10 amekula 512. Na kadiri unavyonunua, bei nayo inapanda.

Waliocheza 2048, gemu ya kuunganisha vigae viwili vya namba ileile aliyoitoa kijana wa Kiitaliano Gabriele Cirulli mwaka 2014, wanaijua njia hii. Ukishafika 512, kufika 1024 ni kuanza upya kazi yote uliyokwisha kuifanya. Kwenye mazimwi ni vilevile. Una mmoja wa levo ya 9 na unamtaka wa 10? Unadaiwa wadogo wengine 256. Ndiyo maana zile ofa zinazokurukia kwenye skrini, "pata askari watano sasa hivi", huwa nazipima kwa hesabu hiyo kwanza. Watano wa levo ya kwanza ukiwa mwanzoni ni msaada mkubwa. Ukiwa levo ya 9 hawakusogezi popote.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote: si kila wawili wanaofanana lazima waunganishwe. Wachezaji wengi wakiona wawili sawasawa kidole hakitulii. Lakini askari mmoja mkubwa anapiga adui mmoja kwa wakati mmoja. Akimpiga adui dhaifu, nguvu yote iliyozidi inapotea bure. Wawili wadogo wanalenga maadui wawili, na mmoja akifa mwenzake anaendelea. Mkubwa akifa, umebaki na pengo.

Mpwa wangu wa darasa la sita alikwama kwenye raundi moja, akaniletea simu. Adui alikuwa na dinosaria mkubwa katikati na wapiga mishale wamejipanga nyuma yake. Mtoto alikuwa ameunganisha kila kilichounganika, amebaki na dinosaria mmoja mbele na mpiga mishale mmoja nyuma. Vita ikianza, dinosaria wake anang'ang'aniana na yule wa adui, na mishale yote inamwangukia yeye.

"Anko, hana nguvu, tutafute sarafu tumpandishe levo."

Nikamwambia asimguse. Sarafu alizokuwa nazo zilitosha wadogo kadhaa, tukawanunua, tukawaacha bila kuwaunganisha, tukawapanga pembeni kabisa kulia na kushoto. Mishale ya adui ikagawanyika. Wale wadogo walikufa karibu wote, lakini muda waliokaa hai ulimtosha dinosaria wetu kummaliza mwenzake. Mpiga mishale wetu, ambaye hakuna aliyemgusa, akawamalizia waliobaki.

Hapo utaona kwamba kwenye gemu hizi kazi yako inaisha kabla vita haijaanza. Ukishabonyeza kitufe, wewe ni kocha aliyekaa benchi: ulichopanga ndicho kinachocheza. Kwa hiyo ukishindwa usikimbilie kununua. Rudia raundi ileile na jeshi lilelile, badilisha nafasi tu. Wenye meno wakae mbele, wenye mishale nyuma, halafu msogeze mmojammoja uone nani anafuatwa na adui yupi. Gemu nyingi za namna hii hukuruhusu kurudia upendavyo, na kila marudio yanakufundisha kitu kuhusu mpangilio wa adui. Pia acha kiboksi kimoja au viwili wazi uwanjani, maana uwanja ukijaa huna pa kuweka mpya na utalazimika kuunganisha hata usichotaka.

Kuna gemu ambazo subira imewekwa ndani ya kanuni zenyewe. Merge Dragons!, iliyotoka 2017, inaunganisha vitatu vitatu: vitatu vinatoa kimoja. Lakini ukisubiri mpaka viwe vitano, unapata viwili. Piga hesabu ya ngazi tatu. Ukienda kwa tatutatu, kitu kimoja cha juu kinakugharimu 27 vya chini. Ukienda kwa tanotano, vya chini 125 vinakuwa 50, kisha 20, kisha 8. Kila kimoja kimekugharimu chini ya 16. Mtu anayeunganisha upesi anafanya kazi karibu mara mbili ya yule anayengoja, na wote wawili wanacheza gemu moja.

Kuhusu matangazo nitasema kifupi. Yale ya kuzidisha sarafu yanakula bando, kwa hiyo mimi nayatazama baada ya raundi iliyolipa vizuri tu. Raundi ndogo nazipita.

Pesa ndiyo inahitaji umakini, hasa kama simu ni ya mzazi na mchezaji ni mtoto. Gemu nyingi za mazimwi zinauza mayai au masanduku ambayo hujui ndani kuna nini mpaka ulipe. Japani ilipiga marufuku aina mojawapo ya bahati nasibu hizo, ile ya kukusanya seti nzima ili upewe zawadi kubwa, mwaka 2012. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba masanduku ya kulipia ya namna hiyo ni kamari. Kanuni za Google Play zinawataka watengenezaji waonyeshe uwezekano wa kupata kila kitu kabla hujalipa. Basi utafute ukurasa huo, usome. Ukiona zimwi unalolitaka lina asilimia 1, ujue kwamba hata ukinunua mayai 100 bado una nafasi kama 37 kati ya 100 ya kulikosa kabisa.

Na leo hii, kabla hujampa mtoto simu, fungua mipangilio ya Play Store uweke nywila iulizwe kila manunuzi yanapofanyika. Kama mtoto ameshanunua kitu bila ridhaa yako, usingoje wikiendi ipite. Ombi la kurudishiwa unaweza kulipeleka Google moja kwa moja ndani ya saa 48. Baada ya hapo kwa kawaida utaelekezwa kwa mtengenezaji wa gemu, na huko ni yeye anayeamua.