Maswali na Majibu: Watu wa Suti Nyeusi na Mtihani wa Filamu ya Pili

Barua nyingi safari hii zinahusu Men in Black II, filamu ya mwaka 2002 ambamo Will Smith na Tommy Lee Jones wanarudi kama J na K, maofisa wa siri wanaosimamia viumbe wa sayari nyingine waliojificha New York. Wengine mnatengeneza filamu zenu fupi za aina hiyo. Hao tumewajibu kwa vipimo.

Swali: Ndugu Mhariri, nimeitazama ya pili kabla ya ya kwanza. Sielewi kwa nini J anahangaika hivyo kumrudisha mzee wa posta. Nirudi nyuma? Na L, yule anayetajwa kwamba alikuwa mshirika wa J, alikwenda wapi?

Jibu: Rudi, tena usichelewe. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1997, ina dakika 98, na kisa chake kizima kinaelekea kwenye tendo moja: K amechoka, amemfundisha J kazi, kisha anamwomba amfute kumbukumbu ili arudi kwa mwanamke aliyemwacha alipokuwa kijana. Ndiyo sababu katika ya pili tunamkuta Truro, Massachusetts, amevaa kaptula ya posta, anaitwa Kevin na hajui lolote. Asiyeijua ya kwanza anaona mzee mkali tu. Anayeijua anaona mtu anayenyang'anywa mapumziko aliyoyalipia kwa kumbukumbu zake zote.

Mtazame J anavyomthibitishia. Anamwonyesha kwamba wenzake wa posta karibu wote si watu. Anayepanga barua nyuma ya ukuta ni kiumbe mwenye mikono mingi, na mwingine anazungumza kwa kupiga midundo ya ngoma kwa mdomo. Huyo ni Biz Markie, mwanamuziki wa rap, na J anamjibu kwa lugha hiyohiyo bila hata kutabasamu. Uchekeshaji wa filamu hizi unatoka hapo: ofisa anachukulia jambo la ajabu kama shughuli ya kila siku ya ofisi.

Umeuliza pia alikokwenda L, mshirika wa J tangu mwisho wa filamu ya kwanza. Ya pili inamwondoa kwa maneno machache, kwamba amependa kurudi kwenye kazi yake ya zamani ya chumba cha maiti. Hilo ni doa. Mhusika aliyejengwa kwa filamu nzima alistahili japo onyesho moja la kuaga.

Swali: Naandika mwendelezo wa filamu yangu ya kuchekesha ya wapelelezi. Shujaa alifutwa kumbukumbu mwisho wa sehemu ya kwanza. Namrudishaje bila watazamaji kuona nimewachezea?

Jibu: Ugumu ni kwamba kila unaporudisha kilichofutwa, unashusha thamani ya kufuta. Kama kumbukumbu inarudi bure, basi machozi ya mwisho wa sehemu ya kwanza yalimwagika bure. Men in Black II imelitatua jambo hili nusu, na nusu zote mbili zina somo.

Nusu iliyofaulu ni ile njia ya dalili. K aliwahi kujifuta kumbukumbu yeye mwenyewe kuhusu Nuru ya Zartha, chanzo cha nguvu kubwa kinachosakwa na adui katika filamu hii, na kabla ya kufanya hivyo akajiachia alama za kumrudisha. Dalili za kwenye duka la piza zinampeleka kwenye ufunguo, na ufunguo unafungua kabati la mizigo namba C18 katika kituo cha reli cha Grand Central. Ndani ya kabati mna mji mzima wa viumbe wadogo sana wanaomwabudu K. Saa yake ya mkononi ndiyo saa ya mnara wao, na kadi yake ya duka la kukodi kanda wameifanya kitabu kitakatifu, masharti yake yakawa amri. K anapochukua saa yake, mji unaingia giza la huzuni, na J analazimika kuvua ya kwake awaachie. Onyesho hilo moja linachekesha, linatoa dalili inayofuata, na linaonyesha tofauti ya tabia za hao wawili. Kila kituo cha safari ya shujaa wako kifanye kazi hizo tatu. Kinachofanya moja tu, kitoe.

Nusu iliyoshindwa ni mashine. Jeebs, mwuza silaha ambaye kichwa chake huota tena kikilipuliwa, ana mtambo wa kurudisha kumbukumbu nyumbani kwake. K anaingizwa ndani, anatikiswa, anatoka. Kumbukumbu zinakawia kidogo, kisha zinarudi, naye hajapoteza kitu. Hapo mtazamaji ana haki ya kuuliza kwa nini asifanyiwe hivyo kila mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika mazungumzo yoyote, andika mistari mitatu kuhusu kifaa chako: kinaweza nini, hakiwezi nini, kinagharimu nini. Mstari wa tatu ndio waandishi wengi huuruka. Gharama inaweza kuwa kumbukumbu moja ambayo hairudi, nayo iwe ile ambayo watazamaji wanaipenda kuliko shujaa mwenyewe anavyojua.

Halafu hesabu kurasa. Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Filamu hii ni fupi, dakika 88, kwa hiyo haina nafasi ya kusubiri. Katika skripti ya kurasa 90, kurasa 10 za mwanzo zionyeshe kazi inavyoharibika bila shujaa. Hapa J anamfuta kumbukumbu mshirika wake mpya T, jitu la miraba minne lakini lenye moyo mwepesi, akabaki peke yake. Shujaa awe ameamka ifikapo ukurasa wa 30. Ukipita hapo, watazamaji wanakaa wanamngoja mtu badala ya kufuata kisa.

Na usisahau kulipa deni mwishoni. Filamu hii inalipa kwa Laura, mfanyakazi wa duka la piza aliyeigizwa na Rosario Dawson: J anampenda, anakataa kumfuta kumbukumbu, kisha inamlazimu amwache aondoke duniani. Mwenye kazi ya kufuta wengine anabaki na jambo analolikumbuka na ambalo haliwezi kurudi. Mwisho huo umefanyiwa kazi.

Swali: Tunatengeneza paji la uso la kiumbe kwa povu la lateksi (utomvu wa mpira). La kwanza lilipasuka, la pili lilikuwa na mashimo, la tatu halikuganda kabisa. Tunakosea wapi?

Jibu: Mmekosea mahali patatu tofauti, na hiyo ni habari njema, kwa sababu kila kosa lina dawa yake.

Kwanza kipimo. Mchanganyo wa kawaida ni gramu 150 za lateksi, gramu 30 za dawa ya povu, gramu 15 za dawa ya kukomaza, na mwisho kabisa kama gramu 14 za dawa ya kugandisha. Pimeni kwa mizani, msikadirie kwa kijiko. Hivyo vitatu vya mwanzo vipigwe kwa mashine ya kukorogea keki kwa kasi kubwa mpaka viumuke mara nne au tano, kisha mpunguze kasi na muiache izunguke taratibu dakika kadhaa ili mapovu makubwa yavunjike. Ndipo dawa ya kugandisha iingie, ikorogwe kama dakika moja, na povu limiminwe mara moja kwenye kalibu, yaani chombo chenye umbo la paji.

Lateksi huhifadhiwa kwa amonia, na kule kupiga ndiko kunakoitoa. Mkipiga muda mfupi mno, amonia inabaki nyingi na povu halishiki: hilo ndilo paji lenu la tatu. Mkipiga kupita kiasi, au chumba kikiwa na joto kali, litashika lingali kwenye bakuli. Fanyeni kazi kwenye joto la nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi, na muandike muda wa kila hatua. Povu likigoma mara nyingine, daftari ndilo litakalowaambia sababu.

Mashimo yanatokana na hewa iliyonaswa, au kalibu ya jasi iliyokuwa bado na maji. Pakeni kwanza utando mwembamba wa povu kwa brashi kwenye kila kunjo la kalibu, halafu mjaze. Kalibu ikaushwe kabisa kabla ya siku ya kazi, maana maji yaliyomo hugeuka mvuke ndani ya oveni na kutoboa povu.

Kupasuka ni joto. Nyuzi 85 za oveni zinatosha, kwa saa tatu hadi tano kulingana na unene wa kalibu. Mkipandisha joto ili muwahi, povu linakuwa kavu kama mkate wa juzi na kalibu nayo inapata nyufa. Ifungueni ingali vuguvugu, taratibu, kuanzia kwenye kingo.

Oveni hiyo isipike chakula tena, kwa kuwa lateksi inayokomaa hutoa mvuke wenye salfa. Na mwigizaji apimwe kwanza: pakeni kidogo sehemu ya ndani ya mkono mngoje saa 24, kwani mzio wa lateksi upo na unaweza kuwa mkali. Mkiamua kuhamia silikoni ya platinamu, aina nyingine ya mpira wa kutengenezea ngozi bandia, wekeni mbali glavu za lateksi na udongo wa kufinyangia wenye salfa. Vyote viwili huizuia kuganda, ikabaki inanata.

Kuhusu umbo, paji lenu kwenye picha mliyotuma ni nene mno. Juu ya nyusi, pale misuli inapocheza, milimita tatu hadi tano zinatosha, na kingo ziwe nyembamba kiasi cha kuonyesha mwanga. Rangi ya akriliki ikipakwa peke yake hukatika mwigizaji akikunja uso. Ichanganyeni nusu kwa nusu na gundi ya ngozi ya akriliki, nayo itanyumbuka. Rick Baker, aliyeongoza urembo wa viumbe wa filamu hizi na kupata Oscar kwa ile ya kwanza pamoja na David LeRoy Anderson, aliwapa viumbe wake nyuso zinazoweza kuchoka, kushuku na kuona haya. Kiumbe asiyeweza kukunja uso hachekeshi.

Swali: Mmuliko wa kifuta kumbukumbu, kile kifaa cha mwanga cha maofisa, katika filamu yetu unaonekana umebandikwa. Tulitumia flashi ya kamera ya picha.

Jibu: Flashi ya picha huwaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kamera nyingi za video husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo fremu moja (picha moja kati ya zinazounda video) inapata nusu nyeupe na nusu ya kawaida. Tumieni taa ya LED inayowaka kwa fremu mbili au tatu. Katika kasi ya fremu 24 kwa sekunde hiyo ni takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Ikae mahali mkono wa ofisa ulipo, kimo cha nyuso, ili kivuli cha pua kianguke upande unaostahili. Kwenye uhariri ongezeni fremu moja nyeupe kabisa na mbili za kufifia. Msipite mimuliko mitatu ndani ya sekunde moja, maana kuna watazamaji wanaopata kifafa kwa mwanga wa kumetameta.

Baada ya mwanga, mwache mwigizaji akodoe macho kwa sekunde nzima kabla ofisa hajasema neno. Kicheko kiko kwenye hadithi mpya anayopewa aliyefutwa, nacho kinahitaji kimya hicho kitangulie.

Swali: Kwa nini mwisho umepelekwa Sanamu ya Uhuru?

Jibu: Kilele kilikuwa kimepangiwa majengo ya World Trade Center. Baada ya shambulio la tarehe 11 Septemba 2001 kikabadilishwa, na mwenge wa sanamu ukageuzwa kifuta kumbukumbu kikubwa kinachoumulika mji mzima.

Swali: Scrad, yule aliyeigizwa na Johnny Knoxville, ana kichwa cha pili juu ya shingo nyembamba. Sisi tuna kamera moja na kitambaa cha kijani. Tunaweza?

Jibu: Mnaweza, mkiwa wavumilivu wa vipimo. Kamera ikae kwenye tripodi, fokasi na mwanga vifungwe visijibadilishe. Pigeni kwanza mwili, na begani mwekeni mpira wa ukubwa wa kichwa juu ya kijiti. Mpira huo unawapa waigizaji wengine pa kutazama, tena unaangusha kivuli halisi kwenye shati, kivuli ambacho wengi hukisahau na ndicho kinachosaliti hila. Kisha mwigizaji yuleyule akae mbele ya kitambaa cha kijani: lenzi ileile, umbali uleule, kimo kilekile, taa upande uleule. Asikilize sikioni mazungumzo yaliyorekodiwa mwanzo ili ajibu kwa wakati, na mbandike alama ndogo pale kichwa cha kwanza kilipokuwa. Kwenye uhariri, kichwa kilichopigwa mbele ya kitambaa cha kijani kiufunike mpira wote. Ukingo wa mpira ukichungulia, kuzeni kichwa kidogo, kivuli msikiguse.