Maswali ya wasomaji: Sitaki tena Kindle, ninunue nini na vitabu nitoe wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu cha kampuni ya Amazon, niliyoletewa na mdogo wangu mwaka 2016, sasa betri imekufa, nachaji usiku kucha asubuhi saa nne ishazima. Nataka kifaa kingine ila sio Kindle, maana nasikia siku hizi hata kitabu ulichonunua kwa hela yako huwezi kukishusha kwenye kompyuta. Nasoma sana riwaya, halafu nina PDF kama mia mbili za vitabu na mitihani ya nyuma. Simu inaniumiza macho. Bajeti yangu laki nne hivi. Ninunue kipi, na softkopi halali nazipata wapi, hasa za Kiswahili? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Pole mwalimu, na ulichosikia ni kweli. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon waliondoa ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ukakihamishia kwenye Kindle kwa waya, sasa vitabu vingi vinashuka kwenye kifaa chenyewe au kwenye programu yao, basi. Na ukumbuke Julai 2009 waliwahi kufuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo, watu wakarudishiwa hela na Jeff Bezos mwenyewe akaomba radhi, lakini kila mtu alishaona kwamba mkono wa dukani unafika mpaka chumbani kwako. Mimi hilo liliniuma sana, kitabu nilicholipia nataka kikae kwangu.

Ndio maana mtu akiniuliza kuhusu kifaa namuuliza kwanza mafaili yake ni ya aina gani. Riwaya nzuri kuzisoma ni za EPUB, aina ya faili la vitabu, hizo ukikuza herufi maneno yanajipanga upya yenyewe. PDF ni ukurasa ulioganda, ukikuza unaanza kusukuma kulia kushoto mpaka unasahau ulikuwa unasoma nini.

Kwa riwaya mimi ningechukua Kobo Clara BW bila kufikiria mara mbili. Kobo ni kampuni iliyoanzia Toronto, Kanada, sasa iko chini ya Rakuten ya Japani. Clara BW ilitoka mwaka 2024 kwa dola 130 hivi, kwa hiyo ukipata mtu wa kukubebea kutoka nje bajeti yako inatosha. Inafungua EPUB bila kubadilisha chochote, unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya inaonekana kama flashi, unakopi kitabu, unachomoa, unasoma. Chaji inakaa wiki kadhaa, maana kioo cha aina hii, cha wino wa kielektroniki (e-ink), kinakula umeme hasa pale ukurasa unapobadilika. Na hakina mng'ao wa simu, kaa nayo pale Feri saa saba mchana unasubiri pantoni ya Kigamboni, jua linawaka, simu imegeuka kioo cha kujitazamia lakini hii unaisoma kama gazeti.

Sasa hizo PDF mia mbili. Chukua karatasi ya A4, ikunje katikati, ikunje tena katikati. Kioo cha Clara ni kidogo hata kuliko hapo, inchi 6, na unataka ukurasa mzima wa mtihani uingie humo pamoja na michoro yake. Utaumia macho upya. Vifaa vya inchi 10.3 vipo, hivyo ni kama nusu ya A4 na vinasomeka vizuri, ila laki nne haifiki hata karibu. Kwa hiyo ushauri wangu riwaya zihamie kwenye Kobo, mitihani iache kwenye kompyuta au kishikwambi, usilazimishe kifaa kimoja kifanye yote. Boox, vifaa vingine vya kusomea kutoka China, vinatumia Android na vinafungua Play Store, vinamfaa mwenye vitabu vilivyofungiwa ndani ya programu za maduka, lakini kwa riwaya naona ni gharama ya bure.

Kuhusu kifaa cha mtumba naomba unisikilize vizuri. Mimi niliuziwa kimoja Kariakoo, muuzaji ananionyesha kioo kina picha safi kabisa haina hata mstari, nikalipa. Nimefika nyumbani nachaji mpaka kesho yake picha ni ileile. Kumbe vioo hivi vinashika picha hata umeme ukikatika kabisa, kifaa kilishakufa siku nyingi na picha yake usoni, na dukani waligoma kunirudishia hata nusu. Hela ile niliidunduliza miezi mitatu. Kwa hiyo ukinunua cha mkononi fungua kurasa ishirini hapohapo, izime, iwashe, na uhakikishe mwenye nacho ametoa akaunti yake mbele yako.

Vitabu sasa. Kwa Kiingereza cha zamani nenda Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, aliianzisha Michael Hart kule Illinois, Marekani, mwaka 1971, leo ina vitabu zaidi ya elfu 70 na EPUB unashusha bure. Standard Ebooks wao wanachukua vitabu vya aina hiyohiyo wanavipanga upya vizuri sana, anza nao. Kwa Kiswahili bado tuko nyuma na inaniuma kuandika hivi. Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar, vitabu vyao vinapatikana kupitia African Books Collective, Nairobi wapo eKitabu, ila kabla hujalipa uliza swali moja tu: nitapata faili la EPUB mkononi au kitafunguka kwenye programu yenu peke yake? Wakikujibu la pili, hicho hakitaingia kwenye Kobo yako. Zile PDF za kwenye magrupu ya Telegram achana nazo, mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache mno kumnyima hata hizo, na zenyewe nyingi zimepigwa picha vibaya, ukizigeuza EPUB kwa Calibre (programu ya bure, nzuri sana kwa kupanga vitabu) namba za kurasa zinaingia katikati ya sentensi na ng'ombe anatoka "ng ombe" kitabu kizima.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu, nimuwekee hadithi za Kiswahili kwenye hicho kifaa cha kusomea? (Mama wa Tanga)

JIBU: Hadithi zipo mama, ingia tovuti ya African Storybook, ziko nyingi za Kiswahili na ni bure. Ila zina picha za rangi na Clara BW ni nyeusi na nyeupe tu, kwa mtoto wa umri huo picha ndiyo nusu ya hadithi, kwa hiyo mshushie kwenye kishikwambi au simu yako ukiwa na wifi, halafu zima data, akae nazo pembeni yako akusomee kwa sauti.