Re: Nina namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ila kadi haijatoka, naweza kufungua akaunti ya benki?

Mkuu namba inatosha, usisimamishe mambo yako kisa kadi. Ile namba ya tarakimu 20 ndo kila kitu siku hizi, tangu ule usajili wa laini kwa alama za vidole ambao mwisho wake ulisogezwa hadi Januari 20, 2020, benki wanahakiki kwa namba na kidole chako basi. Kama huikumbuki piga *152*00# ufuate menyu.

Ila kitu cha kukagua mapema ni hizi tarakimu 8 za mwanzo, ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, zikipishana na cheti chako cha kuzaliwa utakuja kusumbuka kwenye pasipoti, TIN (namba ya mlipa kodi), hata BRELA ukitaka kusajili biashara. Jina nalo hivyohivyo, herufi moja tu inakurudisha. Bora urekebishe sasa hivi huna haraka.

Kadi ulizia kwa mtendaji wa kata au mtaa uliojiandikishia, sio unapoishi sasa, kadi nyingi zinalala huko wenyewe wamehama. Hapa kwa kweli inaniuma, mtu katoka Kigoma yuko Dar anauza matunda, nauli ya kufuata kadi ataitoa wapi? Wangeruhusu mtu achukulie popote.

Na kama una mdogo wako aliyetimiza 18, aende kujiandikisha NIDA na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na fomu iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa, asisubiri mpaka aombe mkopo wa chuo ndo aanze kuhangaika.