Kishikwambi cha dogo kimeganda kwenye logo? Soma bodi kwanza, romu baadaye

Mkuu, umesema kishikwambi cha dogo kinaganda kwenye logo, kwenye boksi kimeandikwa Q88, na unataka ukipige romu nyingine (yaani upakie upya mfumo mzima wa Android) isiyo na matangazo. Hivi vya inchi 7 vimepita sana mkononi mwangu hapa Kariakoo, vingi vina chipu kuu ya Allwinner A33, na nakwambia mapema hakijafa hicho. Ile chipu ina kitu kinaitwa FEL, njia ya dharura ya kupokea romu kwa USB, kimechongwa humohumo ndani, hata ukifuta memori yote hakifutiki, kwa hiyo laptopu itakiona tu ilimradi waya wa USB ni mzima na sio wa kuchajia tu. Kizime kabisa, shikilia kitufe cha kuongeza sauti, chomeka waya, halafu bila kuachia bonyeza pawa harakaharaka mara kadhaa. Kwenye orodha ya vifaa ya Windows kikitokea chenye namba za utambulisho 1F3A na EFE8 ushaingia, weka drava, fungua PhoenixSuit, programu ya kupakia romu. Umeme ukikata katikati usihangaike, unaanza upya.

Ngoma iko kwenye romu sasa. Watu wanasachi "romu ya Q88" wanashusha ya kwanza wanayokutana nayo, bando limeenda, wanaflashi (wanaipakia), kinawaka vizuri kabisa alafu tachi haifanyi kazi, au unagusa kulia kinafunguka cha kushoto. Q88 ni umbo la nje tu jamani, ndani kila kiwanda kina bodi yake, ile sahani ya saketi! Fungua mfuniko wa nyuma kwa kutumia kadi ya plastiki, taratibu maana waya za betri ni nyembamba, usome yale maandishi meupe kwenye bodi, jina na toleo lake. Ikiwa v1.2 na romu ni ya v1.3 usijipe moyo kwamba zinafanana.

Na tachi ndo inawaliza wengi. Nyingi zinaendeshwa na chipu ya GSL1680, na hiyo chipu haina memori ya kudumu ya kwake, kila kikiwaka ni Android ndo inaipakia maelekezo upya, so romu ikija na maelekezo ya kioo kingine lazima igome au isome kinyume. Kioo ni kizima, fundi akikwambia ununue kipya mwambie akuchomekee mausi kwa OTG (kile kiwaya cha kuunganishia vifaa vya USB) kwanza muone. Ndo maana kabla ya kuflashi jaribu adb, programu ya laptopu ya kuongea na Android kwa waya, mara nyingine inakubali hata kikiwa kimekwama kwenye logo, ikikubali vuta mafaili ya mwanzo, gslX680.ko (drava ya tachi) na script.bin (mipangilio ya bodi), uyaweke pembeni, utakuja kuyarudisha kwenye romu mpya.

Kuhusu romu za mtaani, zile zilizochezewa na watu, mi sizipendi kwa hivi vya watoto. Tafuta ya kiwandani inayoendana na bodi, PhoenixSuit ikiuliza kufomati kubali, kikiwaka ruti (jipe ruhusa kamili ya mfumo) ufute takataka zote zilizokuja nacho. Takataka zenyewe sio matangazo tu, mwaka 2023 EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za watu mtandaoni, walikuta mabaki ya programu hasidi ya Corejava kwenye kishikwambi cha watoto cha KidzPad. Na kama chako ni Android 4.4 usipoteze muda na Play Store, Google waliacha kusasisha huduma zake kwa toleo hilo mwaka huohuo. Mwekee dogo michezo ya APK (faili la programu unaloweka mwenyewe) isiyohitaji neti na video kwenye memori kadi, zima waifai.

Tupia picha ya bodi hapa, iwe na mwanga wa kutosha namba isomeke.