Wosia haugusi fomu ya sacco uliyojaza 2011

SWALI: Habari wakili. Nina miaka 43, nauza spea za magari Kirinyaga Road, Nairobi, na naishi Umoja. Sina mali ya kujivunia: ploti moja Ruai iliyo kwa jina langu, akiba ya sacco kama laki sita, na pesa kidogo benki. Nina mke na watoto wawili, pamoja na binti niliyempata kabla ya kuoa, ambaye namlipia karo. Nilipojiunga na sacco 2011 sikuwa na mke, nikamwandika mama. Sasa nataka kuandika wosia nimwachie mke wangu kila kitu. Yeye atajua namna ya kuwagawia watoto. Je, ni lazima nitumie wakili? Na wosia huo utaifuta ile fomu?

JIBU: Nianze na la mwisho, maana ndilo litakalokuumiza. Hautaifuta. Ukifariki leo, atakayeitwa na sacco ni mama yako. Sheria ya vyama vya ushirika inaruhusu chama kumlipa mtu uliyemteua, na mahakama zetu zimeshikilia kwamba pesa hizo haziingii katika mali ya mirathi. Mafao ya uzeeni nayo hulipwa na wadhamini wa hazina kwa kanuni zao, nje ya wosia.

Kuna mjane aliyenijia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na wosia usio na dosari, sahihi ya mume na za mashahidi wawili. Lakini karani wa sacco alikuwa amemfungulia faili na kumwonyesha fomu: jina la shemeji yake, asilimia 100, wino wa buluu ushaanza kufifia. Ndoa ilikuwa na miaka 14, fomu 17. Hakukuwa na njama yoyote. Marehemu alisahau tu. Shemeji alikuwa muungwana, akaleta pesa zote. Mimi sipangi mirathi ya mtu kwa kutegemea uungwana wa shemeji.

Kwa hiyo nenda sacco wiki hii, uombe fomu mpya, uandike majina, namba za vitambulisho na asilimia ya kila mmoja. Kwa watoto walio chini ya miaka 18, uliza ni nani atakayewapokelea. Usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri.

Benki ni hadithi nyingine. Yule "jamaa wa karibu" uliyemwandika wakati wa kufungua akaunti ni wa kupigiwa simu. Hilo halimfanyi mrithi. Na usidhani kumwachia mkeo PIN ya M-Pesa ni mpango wa mirathi. Kuchota pesa za marehemu kabla ya mahakama kutoa idhini ni kuingilia mali yake, kosa lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Wakili si lazima. Wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako na mashahidi wawili waliokuona ukitia sahihi, nao watie zao. Si lazima wajue ulichoandika. Ila mkeo asiwe shahidi! Anayerithi akishuhudia, wosia unabaki lakini zawadi yake inaanguka, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Mume au mke wa shahidi naye yumo katika katazo hilo. Wosia wa mdomo upo kisheria, lakini unahitaji mashahidi wawili na ufariki ndani ya miezi mitatu tangu uuseme, kwa hiyo uache. (Kama wewe ni Mwislamu, mambo ni tofauti: mirathi huenda kwa Kadhi, na wosia hauvuki theluthi moja.)

Sasa binti. "Yeye atajua namna ya kuwagawia" ni sentensi iliyonilisha miaka mingi. Mtoto uliyemkubali ni mtegemezi wako mbele ya sheria, awe wa ndani ya ndoa au nje, na ukimwacha nje ya wosia anaweza kuomba mahakama impe fungu. Mtaje kwa jina na umwekee kitu chake. Hapo ndipo ningekushauri ulipie saa moja ya wakili, hata kama mengine utaandika mwenyewe.

Ploti ikibaki kwa jina lako pekee, itapita mahakamani: cheti cha kifo, barua ya chifu, ombi, tangazo katika Gazeti Rasmi na siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla idhini kuthibitishwa. Kwa mali yako hakimu mkuu anatosha. Uwezo wake unafika milioni 20. Ukimwingiza mkeo kwenye hatimiliki kama mmiliki wa pamoja, utakapofariki yeye atabaki mwenyewe bila kesi ya mirathi. Lakini hutaweza tena kuiuza bila yeye, na binti hatagusa ploti hiyo. Ukichagua njia hiyo, fungu lake litoke kwenye sacco.

Wosia wenyewe, ule wenye wino, mwambie msimamizi wa mirathi uliyemtaja ndani yake ulikouweka. Ukibaki nao mwenyewe na baada ya kifo chako wosia usionekane, mahakama huanza kwa kudhani kwamba uliuchana.